Tabora Haimo Njiani

"Tutapita Tabora saa ngapi?"

Mama aliniuliza hivyo usiku wa kuamkia safari, akiwa amekaa kitandani anakunja vitenge vyake, na halikuwa swali la mzaha. Amesafiri kati ya Mwanza na Dar es Salaam tangu akiwa msichana, na kwake hakuna njia ya maana inayounganisha miji hiyo miwili bila kupita Tabora. Treni hupita Tabora mjini. Basi hupita Igunga na Nzega, ambako ni mkoa wa Tabora, kwa hiyo ni Tabora ile ile. Nilipomjibu kwamba ndege haipiti huko kabisa, alinitazama kama niliyemwambia ataingia sebuleni bila kupita mlangoni.

Tabora kwake si kituo tu. Dada yake, mama yangu mkubwa, aliolewa huko kabla mimi sijazaliwa. Treni ya reli ya kati ikifika Tabora hukatwa: mabehewa ya Kigoma yanabaki upande wake, ya Mwanza yanasogezwa kuungwa na injini yao, na kazi hiyo haina haraka. Huo ndio ulikuwa muda wa madada wawili kuonana. Mama mkubwa alikuja stesheni na hotipoti la ugali na kuku, na dumu la asali limefungwa kwa mfuko wa nailoni na kamba juu. Mama alishuka wakakaa kwenye benchi, wakasemezana misiba na harusi za mwaka mzima, mpaka honi ilipowaamua. Nikiwa mtoto nilidhani treni inasimama Tabora kwa ajili yao.

Sasa miguu ya mama inavimba. Daktari aliyemtibu hapa Dar alisema kukaa kitako muda mrefu hakumfai, asipande basi, na treni ya siku mbili pia aiache. Watoto tukachangishana. Mimi nikapewa kazi ya kumsindikiza kurudi nyumbani Sengerema, ng'ambo ya Mwanza, na kwa kuwa nami sikuwa nimewahi kupanda ndege, tulikuwa wageni wawili wa jambo moja, ila mimi nilitakiwa kujifanya mwenyeji.

Nilijiandaa kwa namna yangu. Mwanangu wa darasa la sita ana ramani ya Tanzania ya ukutani, ya kipimo cha 1 kwa 2,000,000. Tuliitandaza sakafuni, tukaweka rula ya fundi cherehani toka uwanja wa Julius Nyerere hadi uwanja wa Mwanza. Ilisoma sentimita 42 na nusu hivi. Kila sentimita ni kilomita 20, kwa hiyo kilomita 850. Ukikokotoa kwa digrii za ramani, yaani latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili, utapata karibu 852. Marubani wanahesabu kwa maili za baharini, ambazo kila moja ni mita 1,852, na kwao hizo ni maili 460. Kwenye safari ndefu, ya Ulaya mathalani, mstari wa rula unadanganya, kwa sababu dunia ni mviringo na karatasi ni bapa. Huku kwetu karibu na ikweta, kwa umbali mfupi kama huu, rula inatosha.

Kilichonishangaza si hiyo 850. Ni kwamba ardhini hakuna mtu aliyewahi kuisafiri. Barabara ya lami kupitia Dodoma na Singida inazidi kilomita 1,100. Reli inakwenda mbali zaidi. Hata hii mpya ya kisasa, ikikamilika hadi Mwanza, imepangiwa kilomita 1,219. Mwanangu aliiona sababu kabla yangu. Aliweka kidole Dar, akakisukuma magharibi hadi Tabora, halafu akakata kulia na kupanda kaskazini hadi ziwani. "Baba, hii ni pembetatu," alisema. Kweli. Tabora na Mwanza ziko karibu kabisa kwenye longitudo moja. Reli inakwenda magharibi mpaka imefika usawa wa Mwanza, kisha inapinda kwa pembe inayokaribia mraba. Ndege inafuata ule mstari wa mshazari, ambao Pythagoras alishatuambia ni mfupi kuliko jumla ya zile pande mbili.

Na aliyeipeleka reli Tabora hakuwa na Mwanza akilini. Wajerumani walianza kujenga Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914, wakiifuata kwa karibu njia ya zamani ya misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe, eneo la Tabora, na Ujiji, njia waliyoitembea wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma na mizigo mabegani. Tawi la kuja Mwanza lilifika ziwani 1928, enzi ya Waingereza. Kwa hiyo mama anapodai kwamba kwenda Mwanza ni kupita Tabora, anasema walichosema wapagazi.

Kulikuwa na njia nyingine, ila yeye haihesabu. Miaka ya 1990, barabara ya Singida na Shinyanga ilipokuwa vumbi kiangazi na tope masika, mabasi ya Mwanza kwenda Dar yalizungukia Kenya. Unatoka Mwanza, unapita Musoma, unavuka mpaka Sirari, unakwenda Nairobi, unarudi nchini kwako kwa mlango wa Namanga, halafu Arusha, Moshi, na ndipo Dar. Raia wa nchi moja, akienda mji wa nchi hiyo hiyo, alihitaji karatasi za kuvukia mpaka, mara mbili. Mama alipita huko mwaka wa msiba wa babu. Ukimwuliza anasema: "Ile haikuwa njia, yalikuwa mateso."

Tiketi ilisema tunaondoka saa mbili na nusu asubuhi na kufika saa nne kasoro dakika tano. Saa moja na dakika 25. Niligawanya. Ndege ya aina ya Airbus A220, ambayo imekuwa ikiruka humu nchini tangu mwishoni mwa 2018, ikishatulia angani inakwenda kama kilomita 830 kwa saa. Kilomita 850 ingezimaliza kwa saa moja na dakika mbili tatu. Zile dakika nyingine zaidi ya 20 zimekwenda wapi? Nilidhani ni tahadhari ya wenye ndege, wanajiwekea nafasi ya kuchelewa. Kidogo ni hivyo, lakini sehemu kubwa nilikuja kuiona kwa macho yangu nikiwa kitini.

Nyumbani Kimara tulitoka saa kumi na moja alfajiri. Mtu akiniambia Dar kwenda Mwanza ni saa moja na nusu nitamwuliza kama anaishi Kipawa, nyuma ya uwanja. Sisi tulishuka Barabara ya Morogoro hadi Ubungo, tukakata Mandela chini ya daraja la Kijazi, Tabata, Buguruni, tukaibukia Tazara kwenye daraja la Mfugale, ndipo Barabara ya Nyerere. Alfajiri ile njia ni nyeupe. Saa moja baadaye ungeacha gari ukatembea.

Jengo la pili la uwanja ule lina mambo yake. Lilichorwa na Mfaransa Paul Andreu na kuanza kazi 1984, na paa lake limeinuliwa juu ya nguzo zilizotanuka mithili ya miti. Mama aliliangalia akasema ni kama tuko chini ya mwembe, tena hakusema zaidi, kwa sababu wakati huo begi lake lilikuwa kwenye mizani. Ndani yake kulikuwa na nazi. Mtu wa Kanda ya Ziwa akitoka pwani bila nazi ametoka wapi? Tulikuwa tumepima nyumbani kwa mizani ya mwuza mkaa, tukatoa nazi nne, tukarudisha mbili. Mizani ya uwanjani ilikubaliana na ya mwuza mkaa, jambo ambalo lilimpandisha hadhi yule mzee mtaani kwetu nilipolisimulia.

Halafu tukangoja. Kungoja uwanja wa ndege si kama kungoja stesheni. Stesheni unangoja treni. Uwanjani unangoja mlango, halafu foleni, halafu mlango mwingine, na kila mlango unakuvua kitu: mkanda, viatu, chupa ya maji. Mama alipita kwenye mtambo wa ukaguzi ameinua mikono akiwa na uso wa kanisani. Dada wa ukaguzi alimwamkia, "Shikamoo mama," akajibiwa "Marahaba mwanangu, kuna nini tena?" na wote wawili wakacheka. Tulikaa pale zaidi ya muda ambao tungekaa angani. Hilo kila aliyezoea ndege analijua na halimshangazi tena, lakini mimi, niliyeona tiketi imeandika saa moja na dakika 25, nilihisi kwamba kuna safari nyingine ndani ya safari hii ambayo haikuandikwa popote.

Ndani ya ndege upande wetu wa kushoto ulikuwa na viti viwili tu, wa kulia vitatu. Mama akapata dirisha. Saa mbili na nusu kamili tulianza kusogea, lakini kurudi nyuma, tukisukumwa na trekta dogo. Mama akaniambia kwa sauti ya chini, "Inarudi." Nikamwambia ni kawaida, ingawa hata mimi ndiyo kwanza nilikuwa naona.

Hapo ndipo nilipoanza kuzipata zile dakika zangu. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi haihesabiwi magurudumu yakiacha ardhi. Inahesabiwa ndege inapoondoka kwenye maegesho yake, na inakoma inapoegeshwa kule iendako. Katikati yake mna kutembea ardhini, taratibu kama daladala inayotafuta abiria, mna kusubiri mwingine atue, mna kugeuka mwisho wa barabara ya kurukia. Tulitumia karibu dakika kumi tukiwa bado Dar es Salaam, tena bado wilaya ile ile.

Ilikuwa Agosti, msimu wa kusi. Ndege huruka ikiukabili upepo, kwa hiyo tuliruka tukielekea kusini magharibi, upande wa Pugu na vilima vya Kisarawe, wakati Mwanza iko kaskazini magharibi. Yaani tulianza kwa kwenda upande usio wetu, halafu tukapinda kulia, pole pole, bawa limeinama juu ya mabati ya Gongo la Mboto. Mama alikuwa ameshika mkono wangu bila kujua, na mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa kiti nikijua vizuri sana. Masikio yakaziba. Pwani yote ilikuwa chini ya mawingu meupe, na kwa muda hapakuwa na cha kutazama.

"Morogoro tumeipita?"

Nilimwambia Morogoro ipo kushoto, mbali, chini ya yale mawingu, hatutaiona. Kilosa je? Nayo vile vile. Dodoma? Kushoto zaidi. Alikuwa anasali tasbihi ya stesheni, na kila punje niliyomwambia haipo aliinyamazia kidogo. Morogoro ni ndizi na machungwa dirishani. Dodoma ni zabibu. Saranda, karibu na Manyoni, ni kuku. Abiria wa reli ya kati ambaye hakuwahi kula kuku wa Saranda hakusafiri, alipelekwa tu. Itigi, halafu pori, halafu Tabora. Baada ya hapo Isaka, Shinyanga, Malampaka, na hewa inaanza kunuka ziwa. Hivyo ndivyo anavyoijua nchi, kwa vyakula na kwa zamu, na usingizi wa usiku mbili katikati. Mimi nilikuwa namwambia kwamba yote hayo yako pembeni, na kwamba tunapita mahali ambapo katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kupakanyaga.

Na kweli mawingu yalipokatika, chini kulikuwa na nchi ya kahawia isiyo na mwisho. Kwa mujibu wa mstari wa rula ilikuwa Kiteto. Viduara vya maboma vilionekana, na njia nyembamba zinazokutana kisimani au mnadani, sijui, na madoa meusi palipochomwa moto. Hapana lami, hapana reli. Mama alitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo tangu hapo nalikumbuka kila nikiona ratiba ya ndege: "Hawa wanaoishi hapa, wao wakienda Mwanza wanapita wapi?" Ukiangalia ramani, jibu ni kwamba mtu wa Kibaya, aliyeko karibu chini kabisa ya njia ya ndege ya Dar na Mwanza, hana kilomita 850 zake wala sehemu yake. Anaanza kwa kutafuta barabara kuu, Kongwa kusini au Arusha kaskazini, na ndege yetu anaiona kama sisi tunavyouona mwezi. Ufupi wa mstari ule ni wa walio kwenye ncha zake tu.

Kinywaji na karanga vilikuja kwa mbio. Nilidhani wahudumu wana haraka ya asili, kumbe ni hesabu. Ndege huchukua kama kilomita 200 kupanda hadi kimo chake, kama kilomita kumi na zaidi juu ya ardhi, na huanza kushuka ikiwa imebakisha umbali unaolingana na huo. Kwa safari ya Mwanza, hapo katikati panapobaki ni karibu nusu tu ya njia. Wakati wa kupanda mwendo haujafika kileleni, na wakati wa kushuka unapunguzwa, ndiyo maana kugawanya 850 kwa 830 ni hesabu ya mtu aliyekaa sakafuni na rula. Ndege za mapangaboi hazipati hasara kubwa ya aina hiyo kwa kuwa hazipandi juu sana, lakini mwendo wao wenyewe ni mdogo: ATR inakwenda kama kilomita 500 kwa saa, na abiria wake hukaribia saa mbili kufika Mwanza. Umbali ni ule ule na uwanja ni ule ule. Anayekwambia "Mwanza ni saa fulani kwa ndege" mwulize kwanza ni ndege gani.

Tukiwa bado juu, mlima ukajitokeza upande wetu, peke yake, umesimama kwenye tambarare. "Ule?" Nilihesabu haraka. Babati ilipaswa kuwa kulia, kwa hiyo kushoto ni Hanang. Nilipolitaja jina mama alijiweka sawa kitini. Hanang alikuwa anaijua. Desemba 2023 maporomoko ya tope yaliteremka kutoka mlima ule yakaifunika sehemu ya mji wa Katesh, na redio yake ya Sengerema ilikuwa ikitaja majina ya vijiji siku nzima. Alifunika dirisha kwa kiganja, nikadhani jua linamsumbua, kumbe anaombea. Huo ndio ukawa mlima wake wa kwanza kwenye njia hii mpya; kitu cha kwanza chini yetu alichokuwa na habari nacho.

Baada ya hapo injini zikapunguza sauti, na tukaanza kushuka wakati mimi bado natafuta Ziwa Eyasi, ambalo lilikuwa upande wa kulia na likatazamwa na wenzetu. Ardhi ikabadilika. Mashamba madogo madogo yakashikana, mabati yakaanza kumeta, mawe yakaibuka. Mama alinyooka. Hakuhitaji tena rula ya mtu. "Huku ni Usukumani," alisema, na alikuwa sahihi, kwa sababu mstari wetu ulipaswa kupita karibu na Maswa, kisha Magu. Kisha maji.

Hapa safari ikanionyesha kichekesho ambacho ramani ilikificha. Upepo ulikuwa wa kusi hata huku, na barabara ya kutulia ya Mwanza imelala kaskazini magharibi hadi kusini mashariki. Kwa kuwa kutua nako ni kuukabili upepo, ilibidi tuupite uwanja, tuingie ziwani, ndipo tugeuke na kurudi. Tukiwa tunaupita, mji ulikuwa chini ya dirisha la mama: vilima vya mawe na nyumba zimeng'ang'ania, Kirumba, Capri Point imejichomeka majini, na nyuma yake Ghuba ya Mwanza ndefu ya fedha. Ng'ambo ya ghuba ni Sengerema. Ni kwetu. Mama alikigusa kioo kwa kidole. Kwa mstari wa rula nyumbani kwake hakukuwa hata na kilomita 50 kutoka pale tulipokuwa, umbali ambao ndege ile ingeumaliza kwa dakika nne.

Tukageuka, tukaiacha Sengerema mgongoni. Mitumbwi ya wavuvi ilipita chini, mawe, nyasi, na magurudumu yakagonga. Tuliegesha dakika chache kabla ya saa iliyoandikwa. Zile nilizoziita tahadhari zilikuwepo, ila zilikuwa chache.

Mama alipowasha simu, wa kwanza kumpigia alikuwa mama mkubwa wa Tabora. Nilisikia upande mmoja tu. "Nimefika... Mwanza, ndiyo... Hapana, leo hii... Sasa ningesimama vipi, dada?" Alisikiliza kwa muda. Asali, aliambiwa, ilikuwa imeshawekwa kwenye dumu. Wakabishana ni nani wa kuileta na kwa basi lipi.

Binamu yangu alikuwa nje na Noah yake. Alimwamkia "Mwangaluka mayu," akapokea begi, akasikia uzito, akasema "Nazi." Ilikuwa haijafika saa tano. Kama safari ingekuwa ya uwanja hadi uwanja ningeifunga hapo na kusema Dar hadi Mwanza ni saa moja na dakika 25, umbali kilomita 850, na hakuna neno la uongo ndani yake. Lakini hakuna mtu katika ndege ile aliyekuwa anaishi uwanjani. Tuliingia mjini kwa Barabara ya Makongoro, tukasimama mwaloni Kirumba kwa sababu mama hawezi kufika nyumbani mikono mitupu upande wa samaki, bei za sangara zikajadiliwa kwa kirefu, tukanasa kwenye foleni, ndipo tukashika njia ya kusini hadi Usagara na kukata kulia kwenda Kigongo. Saa ya gari ilishapita muda wote tuliokaa angani, na bado tulikuwa upande usio wetu wa maji.

Kigongo naijua kwa tumbo. Utoto wangu wote pale palikuwa mahali pa kungoja kivuko. Ukikuta kimeondoka, unakaa. Ukikuta malori yamepanga foleni, unakaa zaidi. Akina mama waliuza mihogo na sato wa kukaanga, na mgonjwa wa rufaa alilala kwenye gari huku ndugu zake wakikimbia huku na huku kuomba atangulizwe. Kaka yangu mmoja alizaliwa upande wa Busisi kwa sababu MV Sengerema ilikuwa ng'ambo. Mama anahadithia hilo bila hasira, kama anavyohadithia mvua.

Sasa kuna daraja. Lilizinduliwa Juni 2025, likapewa jina la Rais John Magufuli. Urefu wake ni kilomita 3, na hakuna refu kuliko hilo nchini. Mama alikuwa Dar kwa matibabu tangu kabla ya kuzinduliwa, akaliona kwenye televisheni tu. Binamu hakusema kitu. Aliiacha Noah ipande, nguzo ndefu za katikati na nyaya zake zikaja mbele yetu, na maji yakawa pande zote mbili.

Mama aligeuka nyuma kutazama gati la zamani. Akageuka mbele. Aliyeketi na karanga zake juu ya Kiteto kwa mwendo wa kilomita 830 kwa saa bila kubadilisha uso, safari hii alimgonga binamu begani.

"Punguza. Mbona unakimbia hivi?"

"Nakwenda 50, mayu."

"Punguza bwana!"

Akapunguza. Lori la nyuma likapiga honi. Mama alishusha kioo, akatoa mkono nje kwenye upepo wa ziwa, akaanza kutuonyesha: pale ndipo wali wao ulipomwagikia majini, pale ndipo injini ilipozimika jioni wakaelea hadi usiku, na pale, karibu kabisa na Busisi, ndipo alipokuwa kivukoni na uchungu ukaanza. Hakuwa amemaliza hadithi ya kwanza tulipokuwa tayari tumefika ng'ambo. Alimwambia binamu ageuze gari.

Binamu alinitazama kwenye kioo. Nikamwambia ageuze. Tulivuka kurudi Kigongo, tukageukia pale vilipokuwa vibanda vya mihogo, tukavuka tena kwenda Busisi, na mara ya pili mama alimaliza kusimulia. Sengerema tulifika saa saba imepita, samaki wakiwa wameanza kudai barafu, na jirani wa kwanza aliyekuja kutupokea alipouliza ndege ilikuwaje, alijibiwa habari za daraja.